Kuchagua chuo cha uhandisi Ujerumani: niliyojifunza kabla na baada ya kufika

Kila mara matokeo ya shahada yanapotoka, mimi hupokea ujumbe wa vijana wa nyumbani wakiuliza swali moja: katika vyuo vya uhandisi vya Ujerumani, kipi ndicho cha kwanza? Jibu fupi lipo. Ukifungua orodha ya QS ya mwaka 2025, inayopanga vyuo vikuu vya dunia kwa namba, chuo cha Ujerumani kilichowatangulia wenzake wote ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha München, maarufu kwa jina la TUM, kilichoshika nafasi ya 28 duniani. Lakini nimewaona wahandisi wenzangu wakilichukua jibu hilo fupi, wakalijengea mipango ya mwaka mzima, wengine hadi kuuza kiwanja, na mwisho wakabaki na barua ya kukataliwa au, baya zaidi, wakadahiliwa katika programu isiyofundisha kile walichokuwa wakikitafuta. Ninaandika haya ili anayeanza safari leo ajue mambo ya kuangalia kabla hajaanza kulinganisha namba.

Mimi ni mhandisi wa maji, mzaliwa wa Pangani, ambako mto unakutana na bahari na bahari inaila pwani. Nilikua nikiiona minazi ikibaki mizizi wazi ufukweni kadiri mchanga ulivyokuwa ukiondoka, na nilipofika Dar es Salaam kusoma uhandisi ujenzi, tayari nilikuwa na jambo moja nililotaka kulielewa: kwa nini ukuta mmoja wa kuzuia mawimbi hudumu, na mwingine huchimbwa chini mpaka ukaanguka? Shahada ya kwanza ilinipa msingi imara wa zege, udongo na mabomba, ila kuhusu mawimbi tulipata mihadhara michache tu, na maabara hatukuwa nayo. Baada ya miaka kadhaa ya kusimamia mitaro na makalavati katika miradi ya barabara, nikaamua kutafuta shahada ya uzamili.

Kuichagua Ujerumani hakukuwa kwa kubahatisha. Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na hadi leo si ajabu kumkuta mhadhiri wa Kitanzania aliyeipata shahada yake ya uzamivu huko. Isitoshe, vyuo vikuu vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo hata kwa mgeni. Kwa mtoto wa mama muuza samaki, jambo hilo peke yake lilitosha kunifanya niache kuziwaza nchi nyingine.

Katika msimu wa kwanza wa maombi nilifanya kama wanavyofanya wengi: nilichukua majina ya juu ya orodha na kuyafuata moja baada ya jingine. Barua ya kukataliwa niliyoikumbuka kwa muda mrefu kuliko zote ilitoka katika chuo kimoja kikubwa, na haikuwa na hata neno moja la kunidharau. Ilisema tu kwamba masomo yangu ya awali hayakuonyesha krediti za kutosha katika haidroliki, yaani elimu ya mwendo wa maji, na mekanika ya vimiminika, na kwa hiyo sikukidhi masharti ya kuingia. Nilikaa na barua hiyo jioni nzima. Kilichoniuma ni kwamba masomo hayo nilikuwa nimeyasoma, tena nikiwa miongoni mwa waliofanya vizuri darasani, na sikuelewa mtu aliyeko mbali angewezaje kusema sikuyasoma.

Nikampelekea barua hiyo mhadhiri wangu wa zamani, mtu aliyesoma Ujerumani miaka ya nyuma. Aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Katika vyuo hivi ulivyoomba, ni kipi chenye mfereji wa mawimbi?" Alimaanisha mfereji wa maabara wa kutengenezea mawimbi ya majaribio, nami sikuwa na jibu. Akaniambia, "Basi bado hujaanza kuchagua. Nenda ukatafute maabara kwanza, jina la chuo litakuja lenyewe."

Tangu siku hiyo nikaanza upya, na hapo ndipo nilipoanza kuvifahamu vyuo hivyo kwa undani. Ujerumani ina umoja wa vyuo vikuu vya ufundi unaoitwa TU9, ulioanzishwa mwaka 2006, na wanachama wake ni RWTH ya Aachen, vyuo vikuu vya ufundi vya Berlin, Braunschweig, Darmstadt, Dresden na München, Chuo Kikuu cha Leibniz cha Hannover, Taasisi ya Teknolojia ya Karlsruhe, maarufu kama KIT, na Chuo Kikuu cha Stuttgart. Wajerumani wenyewe hawavipangi hivi kwa ngazi kama tunavyozoea sisi. Hata ulinganisho wao mashuhuri, ule wa kituo cha CHE, haumpi yeyote namba ya kwanza wala ya pili, bali hugawa vyuo katika kundi la juu, la kati na la chini kwa kila kigezo na kwa kila fani. Chuo kimoja chaweza kuwa kundi la juu kwa maabara na kundi la kati kwa namna kinavyowahudumia wanafunzi wapya. Niliona huo ni ulinganisho wa haki zaidi, kwa sababu mwanafunzi huenda kusoma fani fulani katika idara fulani, na sifa ya chuo kizima haimsaidii katika idara iliyo dhaifu.

Nilipoanza kufuatilia maabara za maji, historia ya fani yangu ilijitandaza mbele yangu. Dresden ndiko Hubert Engels alikoanzisha maabara ya kudumu ya kuchunguza mito mwaka 1898. Karlsruhe ikafuata mwaka 1901 kwa maabara ya Theodor Rehbock, yule yule ambaye jina lake nililikariri mwaka wa pili katika fomula ya kupima maji yanayopita juu ya kizuizi, bila kujua kwamba aliwahi kuwa mtu mwenye ofisi na wanafunzi. TUM ina kituo chake cha majaribio huko Obernach, karibu na ziwa Walchensee, katika milima ya kusini, na kazi yake kubwa ni mito na mabwawa. Na huko Hannover, kitongoji cha Marienwerder, kuna mfereji mkubwa wa mawimbi wenye urefu wa takriban mita 300, upana wa mita 5 na kina cha mita 7, unaoendeshwa kwa pamoja na vyuo vikuu vya Hannover na Braunschweig.

Nilipousoma mstari huo wa mwisho nilijua ninakokwenda. Hannover na Braunschweig hazimo katika vyuo vilivyopewa hadhi ya Chuo Kikuu cha Ubora mwaka 2019, hadhi ambayo serikali ya shirikisho na majimbo huitoa pamoja na fedha nyingi. Katika TU9 walioipata ni Aachen, Dresden, Karlsruhe, München, na Berlin kwa kupitia ushirika wa vyuo vya jiji hilo. Anayefuata vyeo angeipita Hannover bila kugeuka. Lakini kwa mtu anayetaka kujua kwa nini ukuta wa bahari unaanguka, hakuna ngazi ya orodha inayoweza kuufidia mfereji ule.

Sasa nirudi kwenye jambo lililonikatalisha, kwa sababu ndilo linalowaangusha Watanzania wengi na ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote.

Programu nyingi za uzamili za uhandisi Ujerumani huweka masharti ya aina hii: mwombaji awe na krediti kadhaa za hisabati, kadhaa za mekanika, kadhaa za haidroliki, na kadhalika. Anayekagua maombi hakai kuangalia kama wewe ni mwanafunzi hodari. Anachukua transkripti yako, yaani orodha rasmi ya kozi na alama zako, na kuanza kujumlisha. Katika transkripti yangu, kozi ya haidroliki iliandikwa jina, namba na alama basi, kwa hiyo msomaji wa Ujerumani hakuwa na namna ya kujua kama tulifika kwenye mtiririko wa mifereji ya wazi au tuliishia kwenye mabomba. Aliyekuwa na mashaka alihesabu kidogo, na mimi nikapungukiwa.

Tatizo la pili limefichika ndani ya krediti zenyewe. Katika vyuo vikuu vyetu krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja una krediti 120. Katika mfumo wa Ulaya uitwao ECTS, krediti moja ni saa 25 hadi 30, na mwaka una krediti 60. Chukua kozi ya krediti 12 ya nyumbani. Mkaguzi akilinganisha mwaka kwa mwaka, ataigawanya kwa mbili na kukupa krediti 6 za Ulaya. Akihesabu saa, ataona saa 120 na kukupa 4. Katika kozi tano za msingi, tofauti hiyo ni krediti 10, nayo inatosha kabisa kukuweka nje ya mlango au ndani.

Dawa yake ni kitabu cha maelezo ya kozi, nami nilikiandaa kwa jasho. Kwa kila kozi ya msingi niliandika mada zilizofundishwa wiki kwa wiki, saa za mihadhara, saa za mazoezi, saa za maabara, kazi za nyumbani, namna mtihani ulivyokuwa na vitabu tulivyotumia, kisha idara ikahakiki na kugonga muhuri kila ukurasa. Katibu wa idara alinivumilia sana. Mama yule alinitafutia mtaala wa zamani katika makabati ambayo watu walikuwa wameshayasahau. Kwa yeyote anayesoma shahada ya kwanza sasa, namsihi asisubiri. Tunza mitaala ya kila muhula, tunza maswali ya maabara, na uombe maelezo ya kozi kabla ya mahafali, wakati bado wahadhiri wanakufahamu kwa jina. Ikiwa mtaala utabadilishwa baada yako, kuupata ule wa zamani ni kazi ngumu.

Kisha pima alama zako mwenyewe kabla ya kulipia ombi lolote. Wajerumani wanahesabu kinyume chetu: 1 ndiyo alama ya juu kabisa na 4 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Kugeuza GPA yetu, yaani wastani wa alama, vyuo hutumia hesabu iitwayo fomula ya Bavaria. Chukua alama ya juu kabisa, kwetu ni 5. Toa GPA yako. Zidisha kwa 3. Gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, yaani 5 kutoa 2. Kisha ongeza 1. Mwenye GPA ya 3.8 anapata 2.2. Mwenye 3.5 anapata 2.5. Mwenye 3.4 anapata 2.6. Programu nyingi zinazogombewa huweka kikomo cha 2.5, kwa hiyo tofauti ya desimali moja ambayo nyumbani tungeiona ndogo inaweza kuwa ukuta. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa na 3.4 alipoteza fedha kwa kuomba programu za kikomo cha 2.5, na hakuna aliyemwambia kwamba hesabu yake ingeweza kufanywa kwa dakika mbili kwenye simu.

Rafiki huyo, niseme, hakukwama. Nje ya vyuo vikuu vya ufundi, Ujerumani ina vyuo vya sayansi tumizi, vinavyoitwa Hochschule, ambavyo kwa kawaida havionekani katika orodha za dunia kwa sababu orodha hizo hupima zaidi utafiti. Huko wahadhiri wengi wametoka viwandani, madarasa ni madogo, na kazi ya mwisho ya shahada mara nyingi hufanywa ndani ya kampuni. Alidahiliwa katika programu ya nishati jadidifu, na nikimsikiliza anavyoieleza mitambo aliyoishika kwa mikono yake, siwezi kumwambia mtu yeyote kwamba alipata elimu ya daraja la pili. Kwa anayelenga utafiti na uzamivu, chuo kikuu ni njia fupi zaidi. Kwa anayelenga kiwanda, Hochschule nzuri inafaa kuwekwa mbele.

Kuhusu fedha, sitaki kumpamba mtu. Maneno "masomo ya bure" yamewaumiza wengi.

Kwanza, si kila jimbo ni bure. Baden-Württemberg, ambako ziko Karlsruhe na Stuttgart, hutoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu muhula wa baridi wa 2017/18. TUM nayo ilianza kutoza wanafunzi wapya wa kundi hilo kuanzia muhula wa baridi wa 2024/25, na kwa programu nyingi za uzamili kiwango ni euro 4,000 au 6,000 kwa muhula. Misamaha ipo kwa baadhi ya makundi, na masharti yake inafaa kuyasoma kwa makini kabla ya kukata tamaa. Niedersachsen, jimbo la Hannover na Braunschweig, halikunitoza ada, nikalipa tu mchango wa muhula ambao ndani yake kuna nauli ya treni na basi.

Pili, na hapa ndipo familia nyingi huishia, ni akaunti ya dhamana iitwayo Sperrkonto. Kabla ya kupewa viza ya masomo unatakiwa kuonyesha kwamba fedha za kuishi mwaka mzima zipo tayari, zimefungiwa katika akaunti ambayo utatoa sehemu yake kila mwezi ukishafika. Mwaka nilioomba mimi kiwango kilikuwa euro 11,208, na kuanzia Septemba 2024 kikapanda hadi euro 11,904, yaani euro 992 kwa mwezi. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 30. Nilikuwa na akiba ya miaka ya kazi, mjomba akanikopesha sehemu, mama akatoa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya bati la nyumba, na sehemu iliyobaki niliipata kwa shangazi zangu kila mmoja kwa uwezo wake. Kupokea fedha za mama kulinilemea zaidi kuliko mtihani wowote niliowahi kuufanya. Ninamwomba mtu yeyote anayefikia hatua hiyo akae na familia yake na kueleza wazi kwamba fedha hizo ni za kula na kulipia chumba, hazitarudi zikiwa nzima, na kwamba si jambo la haki kumtarajia mwanafunzi aanze kutuma fedha nyumbani mwezi wa tatu.

Njia nyingine ni ufadhili. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, lina ufadhili wa programu za uzamili zinazohusu maendeleo, unaojulikana kama EPOS, na masharti yake makuu ni kuwa na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili baada ya shahada, na kwamba shahada yako ya mwisho kwa kawaida isiwe imepita miaka sita. Wengi hukimbilia kuomba mara tu wanapomaliza chuo, wakakosa kwa sababu ya uzoefu. Wengine hukaa kazini mpaka miaka sita ikapita. Anayeutaka aupange katika dirisha hilo.

Jihadharini pia na mawakala. Binamu yangu alimlipa mtu mjini zaidi ya milioni moja ili "amfanyie maombi", na kilichofanyika ni kujaza fomu ambazo angeweza kuzijaza mwenyewe. Vyuo vingi hupokea maombi kupitia asasi iitwayo uni-assist, ambayo hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila ombi linaloongezwa katika muhula huo huo. Vingine hupokea moja kwa moja bila malipo yoyote. Hakuna wakala anayeweza kukuongezea krediti usizokuwa nazo.

Mambo ya viza nitayapita haraka: weka miadi ubalozini mapema iwezekanavyo, peleka nyaraka zote kwa mpangilio walioutaja, na usikate tiketi ya ndege kabla ya kuipata pasipoti yako mkononi.

Nilifika Hannover mwezi Oktoba, baridi ikiwa ndiyo inaanza. Wiki za mwanzo hazikuwa za masomo bali za karatasi: kusajili makazi katika ofisi ya jiji, ambako huwezi kusajiliwa bila barua ya mwenye nyumba, kufungua akaunti ya benki, kupata bima ya afya, ambayo kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 ni zaidi ya euro 120 kwa mwezi, na kwa aliyevuka umri huo kiwango hicho cha wanafunzi hakipo tena. Hili la umri lizingatiwe na wale wanaoahirisha safari mwaka hadi mwaka. Kisha ikaja barua ya kudai mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, nami sikuwa na redio wala televisheni. Hulipwa hata hivyo, na mnaoishi pamoja mnaweza kugawana.

Chumba katika hosteli ya wanafunzi nilikiomba siku ile ile niliyopata barua ya udahili, na ninashukuru nilifanya hivyo, kwa maana wenzangu waliongoja hadi kufika walihangaika kwa wiki nyingi katika vitanda vya muda.

Mitihani ndiyo iliyonitisha kweli. Dar es Salaam tulizoea mfumo wa alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho, kwa hiyo mtu aliyefanya bidii tangu wiki ya kwanza huingia chumba cha mtihani akiwa tayari na kitu mfukoni. Hapa, katika kozi nyingi, mtihani mmoja wa mwisho ndio alama yote. Hakuna anayekuuliza kama umehudhuria, hakuna jaribio la wiki ya sita la kukuzindua, na mtihani wenyewe usipojisajili kwa wakati katika mfumo wa chuo huruhusiwi kuufanya hata kama ulihudhuria kila kipindi. Kwa kawaida mtihani mmoja unaruhusiwa kuufanya mara tatu kwa jumla, na aliyeshindwa mara ya mwisho hupoteza haki ya kuendelea na shahada hiyo, na anaweza kuzuiwa kuisoma fani hiyo hiyo hata katika chuo kingine cha Ujerumani. Mgeni anayeishi kwa viza ya masomo anajua maana yake.

Kilichonisaidia ni kikundi cha kujisomea. Mimi na wenzangu kutoka Nepal, Misri na Kolombia tulikutana kila Jumamosi maktaba, tukapitia mitihani ya miaka iliyopita swali kwa swali, kila mmoja akimfundisha mwenzake alichokielewa. Mitihani ya zamani hupatikana kwa chama cha wanafunzi wa kitivo. Ulizia wiki ya kwanza. Kazi za kuajiriwa niliziahirisha hadi baada ya muhula wa kwanza, ingawa sheria tangu Machi 2024 inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Baadaye nikapata kazi ya usaidizi katika taasisi ya chuo, na hiyo ndiyo kazi ninayoipendekeza kuliko kufunga maboksi ghalani usiku, kwa sababu inakuweka karibu na watu watakaosimamia tasnifu yako.

Na ilikuwa kupitia kazi hiyo nilipoufikia ule mfereji. Unasimama juu ya ukingo wake wa zege, unatazama maji yaliyotulia kama ya kisima, kisha upande wa mbali bamba kubwa la chuma linaanza kuyasukuma. Wimbi linakuja taratibu, halina haraka wala kelele, kimo chake kama cha mtu mzima, linapita chini ya miguu yako na kwenda kupasuka kwenye mteremko uliojengwa upande wa pili kwa kishindo unachokisikia kifuani. Baada ya mawimbi kupita kwa saa kadhaa, maji yanatolewa, na watu wanashuka kupima mchanga umehama kiasi gani.

Hapo nililielewa lile swali langu la Pangani kwa macho. Wimbi likiupiga ukuta ulio wima, halifi; linarudi, linakutana na linalokuja, na mbele ya ukuta maji yanapanda karibu mara mbili ya kimo cha wimbi la kwanza. Nguvu hiyo inashuka kwenye unyayo wa ukuta na kuuchota mchanga. Ukuta hauanguki kwa kusukumwa, unaanguka kwa kukosa mahali pa kukanyagia. Ndiyo sababu mteremko wa mawe, unaolivunja wimbi kidogo kidogo, na msingi uliokingwa kwa mawe makubwa, huwa na maisha marefu zaidi. Nilielewa pia kwa nini ukubwa wa mfereji una maana: katika mfereji mdogo unaweza kulipunguza wimbi mara 20, lakini huwezi kuipunguza chembe ya mchanga mara 20, kwa sababu itakuwa tope na tope lina tabia nyingine kabisa. Hata mapovu ya hewa ndani ya wimbi linalopasuka hayakubali kupunguzwa. Kipimo cha karibu na uhalisia hakina mbadala, na maabara za ukubwa huo ni chache mno duniani.

Ningekuwa nimedahiliwa katika chaguo langu la mwanzo, ningesoma vizuri kuhusu mito ya milimani, nikarudi nyumbani na cheti chenye jina kubwa na swali langu likiwa pale pale. Hili halipunguzi heshima ya vyuo vile. Anayetaka kujenga mabwawa ya umeme katika Rufiji au Ruvuma huenda akapata huko kusini walimu bora kuliko wangu. Anayesoma umeme anapaswa kujua kwamba Darmstadt iliweka kiti cha kwanza cha uprofesa wa uhandisi wa umeme duniani mwaka 1882, kisha aende mbele ya historia hiyo na kuuliza leo wanafundisha nini na kwa vifaa gani.

Namna ya kuuliza ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Fungua ukurasa wa programu, pakua kitabu cha moduli, yaani maelezo ya kozi zake, ambacho kila programu huchapisha, na usome majina ya kozi za lazima zote. Tazama taasisi zinazofundisha kozi hizo na tasnifu za uzamili zilizofanywa huko karibuni. Kisha mwandikie mratibu wa programu barua pepe fupi: wewe ni nani, umesoma nini, jedwali dogo la kozi zako za msingi pamoja na saa zake, na swali moja tu, kama masomo hayo yanakidhi masharti ya kuingia. Mimi nilijibiwa na wengi wao, wengine kwa mstari mmoja, na mstari huo mmoja uliniokolea ada za maombi na miezi ya kungoja. Kwa programu inayoanza Oktoba, barua hiyo iandikwe Oktoba ya mwaka uliotangulia, kwa sababu baadhi ya vyuo hufunga dirisha kwa waombaji wa nje ya Ulaya mapema mwezi Machi, na idara yako ya nyumbani nayo itahitaji wiki kadhaa za kuutafuta mtaala na kuupiga muhuri.